Nyekundu, Nyenyekea

Uwanjani kila mtu alimwita Kapteni, hata wale wasiojua alikuwa kapteni wa nini. Alikuwa amestaafu jeshi la anga, sasa akifundisha katika chuo cha urubani, na wanafunzi wake walikuwa na msemo kwamba ukitua mbele ya Kapteni na ndege ikadunda, bora ubaki humo humo ndani mpaka jua lizame. Hakuwa mkali wa makelele. Alikuwa mkali wa kunyamaza, na huo ndio ukali unaokata. Nyumbani alikuwa mtu mwingine, maana nyumbani aliishi na mama yake, na mbele ya mama hakuna kapteni.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, wa kiume, mtoto wa uzeeni. Mama alimpata wakati majirani walikwisha acha kumtania habari za kuongeza mtoto, na Kapteni mwenyewe alikuwa ameshavaa magwanda. Baba hakukaa sana baada ya hapo. Mtoto alimjua kwa picha ya ukutani. Ikawa Kapteni, dada yake, ni dada na nusu ya baba. Ndiye aliyempachika jina la Kinda, siku alipomkuta barazani amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono ameitandaza, anajishauri kuruka. Jina likamganda. Akaota ndevu, akaoa, akazaa, bado Kinda.

Likizo moja, Kinda akiwa hajaanza hata kusoma vizuri, Kapteni alimtengenezea mchezo. Alichukua kipande cha ubao akakitoboa matundu matatu, akatia balbu za tochi, akazifunika kwa karatasi za peremende: moja kijani, moja njano, moja nyekundu. Taa kama hizo zilikuwa katika ndege aliyoirusha yeye jeshini, zimekaa kwenye ukingo wa kioo cha mbele, ili rubani anapokaribia kutua ajue mwendo wake bila kuinamia saa za vipimo zilizojaa kwenye dashibodi. Mtu wa kawaida hudhani kijani ni heri na nyekundu ni shari. Katika ndege ile sivyo. Kijani ilisema unakwenda taratibu mno, ongeza nguvu usije ukadondoka. Nyekundu ilisema una kasi mno, punguza. Njano ndiyo iliyokuwa sawa. Ili mtoto asisahau, Kapteni alimtungia maneno: kijani, kazana, nyekundu, nyenyekea, njano, njema.

Basi walicheza. Dada anabonyeza swichi chini ya meza, mdogo mtu ameshika mwiko wa mama kama ndio wenzo wa injini. Ikiwaka kijani anausukuma mbele, ikiwaka nyekundu anaurudisha nyuma, ikiwaka njano anatulia kimya kama mtu wa pichani. Mama alilalamika kwamba mwiko wake unageuzwa injini wakati ugali unaungua, lakini alilalamika huku akicheka. Kila likizo mchezo ulikuwa ule ule, na kila likizo mkono wa mtoto ulikuwa mwepesi zaidi, hata ikafika mahali unakwenda kabla maneno hayajatoka mdomoni. Kapteni aliporudi kambini aliwasimulia wenzake kwa majivuno. Samaki mkunje angali mbichi, aliwaambia.

Kinda alikua, akawa rubani kweli, si wa jeshi bali wa ndege ndogo za mizigo, zile zinazopeleka vitabu vya shule na vipuri na mashine za maji sehemu ambazo barabara zake huliwa na mvua. Ndege hizo hazikuwa na taa za mwendo. Alitua kwa kutazama saa kama wenzake wote, na alitua vizuri. Kisha mwenye kampuni akaamua kuzifunga taa hizo katika ndege zake, na fundi mkuu wa karakana, mtu ambaye Kinda alikuwa akila naye chakula cha mchana karibu kila siku, ndiye aliyezifunga. Zilikuwa taa za kiraia, zimepangwa kama raia anavyotarajia: kijani ni sawa, njano ni kasi mno, nyekundu ni taratibu mno, hatari, ongeza nguvu upesi.

Jioni hiyo Kinda alimpigia dada yake simu. Alimwambia wamefungiwa zile taa za utotoni, ila hawa wamezigeuza kichwa chini miguu juu. Wakacheka sana. Kapteni akamtania kwamba mwiko wa mama bado upo kabatini akiuhitaji, na mazungumzo yakahamia kwenye meno ya mtoto wa Kinda.

Mwanafunzi mwingine yeyote angemwambia hivyo, Kapteni angemkalisha mbele ya dashibodi mpya asubuhi mpaka mchana, ndege ikiwa chini, injini imezimwa, mpaka mkono usahau ulichokijua. Hilo ndilo alilokuwa akilifundisha kila siku. Kwa ndugu yake alicheka.

Ajali ilitokea msimu wa mvua. Kinda alikuwa akirudi na mzigo wa vipuri, na Fundi amekaa nyuma yake kwa sababu alikuwa amekwenda kutengeneza ndege nyingine iliyokwama huko. Walipokaribia uwanja mvua iliwapiga usoni na upepo ukawa unasukuma kutoka kushoto, unaacha, unasukuma tena. Wakiwa juu ya ukingo wa uwanja, upepo uliacha ghafla, mwendo ukaanguka, na taa nyekundu ikawaka. Mkono wa Kinda ukarudisha wenzo nyuma. Injini ikapungua wakati ilipotakiwa kuunguruma, na ndege ikashuka kama mtu aliyekosa ngazi. Gurudumu la kulia likavunjika, bawa likakwaruza ardhi, na masanduku ya vipuri yakakatika kamba zake yakamwangukia Fundi nyongani. Kinda alitoka na mkwaruzo wa paji la uso. Ndiye aliyemvuta Fundi kutoka ndani, kwenye matope na harufu ya mafuta, kabla wazima moto hawajafika.

Kapteni alimkuta ndugu yake hospitalini, kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, shati limeganda damu isiyo yake. Alikaa karibu naye. Hakumuuliza kitu, lakini Kinda alisema mwenyewe.

"Nyekundu iliwaka, dada. Nikapunguza. Sijui kwa nini nimepunguza. Najua nyekundu ni nini. Mkono ulikwenda wenyewe."

Kinda hakujua kwa nini, Kapteni alijua. Alifungua mdomo aseme, daktari akatokea mlangoni, na wote wawili wakasimama.

Fundi hakufa. Mguu wake mmoja ndio haukurudi kuwa mguu. Ulibaki wa kuburutwa, na yeye akabaki wa gongo. Alipopata nguvu ya kuzungumza, Kinda alikwenda kitandani kwake akamwambia bila kuzungusha maneno kwamba kosa lilikuwa lake, la mkono wake, na kwamba haombi asamehewe ila amekuja ili ijulikane. Fundi aligeukia ukuta akalia. Kisha akamwambia kwamba aliyemwangusha ndiye aliyemtoa, na kwamba yeye kwa upande wake amekwisha kuliweka chini. Tangu siku hiyo Kinda alikuwa akienda kwake kila juma, akimsaidia hili na lile, na mke wa Fundi akazoea kumtengea kiti. Kwa tume ya uchunguzi aliandika maneno machache: niliongoza ndege vibaya, nilipunguza nguvu badala ya kuongeza. Leseni yake ikazuiwa wakati tume ikiendelea na kazi.

Kapteni alikuwa akitazama yote hayo na hapati usingizi. Alimwona ndugu yake amekonda. Alisikia vijana wa chuoni wakisema kwamba fulani aliogopa upepo, na neno lile la kuogopa lilimchoma kuliko ajali yenyewe, kwa sababu alijua mkono ule haukuogopa. Mkono ule ulitii. Siku moja alimwambia mama yake kwamba anakwenda kwenye tume kueleza habari ya ubao na balbu za tochi.

Mama alikuwa akipiga pindo la gauni kwenye cherehani. Alisimamisha gurudumu.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize nini, mama? Atafurahi. Nakwenda kumtoa lawamani."

"Lawama ni yake. Muulize kwanza."

Lakini Kapteni alikuwa amezoea kuamua kwa niaba ya Kinda tangu mtoto yule hajaota jino, na mazoea yana taabu. Akapiga pasi suti yake ya bluu, akaenda.

Alizungumza vizuri mbele ya tume. Watu watatu walikaa nyuma ya meza ndefu, na mwenyekiti wao, rubani mzee aliyemfahamu kwa sifa, aliacha kuandika ili amsikilize. Kapteni aliwaeleza jinsi kilichojifunzwa utotoni kinavyolala chini kabisa ya akili, na jinsi hofu inavyokiamsha. Aliwaeleza maneno ya mchezo. Alisema kosa, kama ni kosa, ni lake yeye aliyemfundisha mtoto rangi za ndege nyingine, tena akamfundisha mpaka zikaingia mifupani. Alipotoka alijiona mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

Tume ilimwamini. Ilimwamini kiasi cha kutaka kujua zaidi. Kama rangi ni suala, wakauliza, basi nani aliyezifunga taa hizo bila kuweka kibandiko cha maelezo kando yake? Marubani walifunzwa na nani kuzitumia? Karatasi za karakana zikaletwa, na sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa ya Fundi. Ripoti ilipotoka ilisema rubani alichanganywa na mazoea ya zamani, na kwamba fundi mkuu alizembea kwa kutoweka kibandiko. Kizuizi cha Kinda kiliondolewa. Akitaka, afunzwe upya, arudi kazini. Fundi, ambaye tayari alikuwa na gongo, akanyang'anywa ruhusa ya kuidhinisha kazi za ndege kwa sahihi yake.

Kapteni alisoma ripoti hiyo kwa haraka, kama mtu asomaye akitafuta jina moja. Alipolipata la ndugu yake na kuona limesafishwa, hakusoma tena. Alikwenda nyumbani kwa Kinda moja kwa moja.

Alimkuta uani anapaka rangi mguu wa meza ya mtoto. Mke wake alimkaribisha Kapteni kwa adabu, lakini hakumwita wifi kama kawaida, na akaingia ndani akafunga mlango. Kapteni akaanza kusema habari njema. Kinda aliendelea kupaka. Alipaka mguu mmoja mpaka ukaisha, akaweka brashi juu ya kopo.

"Wamempokonya Fundi sahihi yake," alisema.

Kapteni alisema hilo ni jambo la muda, kwamba wataliangalia, kwamba la muhimu ni leseni.

"Fundi alitaka kubandika karatasi. Siku anafunga zile taa. Aliniambia, ngoja niandike hapa chini, nyekundu ni taratibu, kijani ni sawa. Mimi ndiye niliyemkatalia. Nikamwambia mimi si mtoto wa chekechea, taa tatu zitanishindaje? Tukacheka." Akapangusa vidole kwa tambara. "Hilo sikuwaambia tume, kwa sababu ukitaja karatasi unamtaja Fundi. Nikabeba lote mimi. Na yeye alijua kwamba nimelibeba. Tulikuwa tumemaliza, dada. Mimi na yeye tulikuwa tumemaliza."

"Sikujua," alisema Kapteni.

"Hukuniuliza."

Mtoto alichungulia mlangoni akaitwa ndani na mama yake. Kinda alizungumza taratibu, bila hasira ya mdomo, na Kapteni akatambua kwamba ule ukali wa kunyamaza wanafunzi wanaousema ndio huu, na kwamba hajawahi kukaa upande wake wa pili.

"Ubao ulinitengenezea wewe. Sawa. Chuo ulinichagulia wewe. Sawa. Nilipotua vizuri watu walisema, si ndugu yake Kapteni? Sikuona vibaya. Lakini nimeanguka mara moja katika maisha yangu, na hata huko kuanguka umekwenda kuandikisha kwa jina lako. Sasa mimi nina nini?" Akachukua brashi. "Na usiniite Kinda tena. Baba aliniachia jina."

Kapteni alitaka kumwambia kwamba alifanya kwa mapenzi. Lilikuwa neno la kweli, na kwa sababu lilikuwa la kweli alijua halitasaidia. Akaaga. Aliagwa.

Alikwenda kwa Fundi. Alimkuta stoo ya karakana, amekaa kwenye kiti kirefu kati ya rafu za vipuri, anahesabia wenzake skrubu na raba, kazi ya mwanagenzi. Gongo lilikuwa limeegemezwa kwenye rafu. Fundi alimsogezea sanduku akae, akamuuliza hali ya mama, akamuuliza hali ya chuo. Alikuwa mtu wa adabu na hakumwahi kwa maneno. Kapteni mwenyewe ndiye aliyeanza, akasema amekuja kuomba radhi, na kwamba atarudi kwenye tume kurekebisha.

"Ushakwenda mara moja, Kapteni," alisema Fundi. "Usiende tena."

Alichambua raba zilizochakaa na kuzitupa kwenye kopo. Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi injini ilivyovunjika, kwamba alipokuwa kitandani kijana yule alikuja akamwambia kwamba kosa ni lake. Yeye Fundi akalia, akatukana moyoni, halafu akasamehe. Haikuwa rahisi, ilimchukua nguvu zaidi ya kujifunza gongo. Sasa anaambiwa hakuwa yule kijana, ilikuwa rangi, ilikuwa ubao wa mtoto, ilikuwa karatasi ambayo yeye mwenyewe hakubandika. "Sasa nilichosamehe mimi kilikuwa nini?" aliuliza. Hakuwa akimlaumu. Aliuliza kama anayetaka kujua.

Kapteni alifuata ushauri wa Fundi, hakurudi kwenye tume. Aliyekwenda ni ndugu yake. Alikwenda peke yake, bila kumwambia mtu ila mkewe, akawaeleza habari ya karatasi na jinsi alivyoikataa. Mwenyekiti alimwonya kwamba akisema hivyo kizuizi kitarudi. Akasema kirudi. Kikarudi, cha mwaka mzima, na Fundi akarudishiwa ruhusa yake akiwa na onyo tu. Kapteni alizipata habari hizo kwa mwenyekiti mwenyewe, walipokutana benki kwenye foleni. Mzee yule alimpongeza kwa malezi. Kapteni alishukuru kwa kichwa.

Mwaka ukapita. Ndugu yake aliupitisha kwa kufanya kazi karakanani, chini ya Fundi, akishika tochi na kupitisha spana. Watu waliwaona wakirudi pamoja jioni, mmoja na gongo lake, mwingine akipunguza hatua amngoje. Mafunzo ya kurudi angani alikwenda kuyafanyia chuo cha mbali, wakati chuo cha dada yake kilikuwa mkabala na karakana. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kapteni alimwona siku moja akipita nje ya ukuta na begi begani kwenda kupanda basi, akaendelea kumfundisha aliyekuwa akimfundisha.

Katika ufundishaji wake kulibadilika jambo moja. Mwanafunzi akimwambia amekosea, aliacha kumweleza sababu. Alimuuliza, kisha akangoja, hata kama kungoja kulichukua somo zima. Wanafunzi waliona Kapteni ameanza kuzeeka.

Jumapili moja ndugu yake alikuja kumsalimu mama. Alikuwa akija siku ambazo Kapteni ana zamu, lakini siku hiyo zamu ilibadilishwa, na wakakutana sebuleni. Mama hakujifanya kushangaa. Aliwaandalia chai, akakaa katikati yao, akazungumza habari za bei ya vitambaa kana kwamba hakuna habari nyingine duniani. Walichangia. Mtoto alikuwa ameshaanza shule. Paa la jikoni linavuja. Kapteni alikuwa akimwita kwa jina lake la baba sasa, na kila mara ulimi ulijikwaa kidogo kabla ya kulitoa, na kila mara ndugu yake alingoja lipite.

Alipoondoka, Kapteni alimsindikiza mpaka getini. Hakuwa amefanya hivyo tangu siku ya ule mguu wa meza.

"Kesho narudi kurusha," alisema ndugu yake, akiangalia barabara. "Safari ya kwanza. Mzigo wa vitabu."

Kapteni alijua njia hiyo, na alijua pia kwamba upepo wa kesho ungetoka kushoto, maana alikuwa ameutazama asubuhi kwa ajili ya wanafunzi wake. Maneno yalimjaa kinywani: njoo chini polepole, usiamini ukingo wa uwanja, tazama saa. Aliyashika yote.

"Safari njema," alisema.

Ndugu yake hakuondoka mara moja. Alisimama mkono juu ya komeo, kama mtu anayesubiri sentensi imalizike. Kapteni hakuimalizia. Basi ndugu yake akaitikia kwa kichwa, akavuta geti nyuma yake, akaenda. Kapteni alibaki amesimama mpaka mama alipomwita ndani, akijiuliza kama mara hii alitakiwa kuyasema.